Mfuko Usio na Namba

Masasi, 9 Juni 2024

Mama Mkubwa Severina,

Shikamoo. Hiyo ni yangu. Shikamoo ya pili ni ya mkweo Emmanuel, yuko Chidya anapaua nyumba ya mwalimu mmoja na hatarudi mpaka mwisho wa mwezi. Sisi wazima, ila kikohozi changu cha moshi wa kukaangia kipo palepale. Hamida mwenzangu ananicheka, anasema nakohoa kama mwenye nyumba anayetaka wageni waondoke.

Ningepiga simu, lakini mwezi uliopita nilikuambia tumepata mteja, ukanijibu ndiyo, mihogo imekomaa. Masikio yako na simu vimeshagombana. Basi nakuandikia, na Gervas akifika na gari lake atakukabidhi barua mkononi pamoja na bahasha kubwa. Usimhoji sana, abiria wake wananuna.

Jambo lenyewe ni hili. Mteja ni mama mwenye duka Mtwara. Anataka korosho zetu za kukaanga kwa wingi, lakini ameweka sharti moja: mfuko uwe unaooza. Siyo ulioandikwa tu kwamba unaoza. Anasema alishauziwa mifuko ya namna hiyo na watu waliokula viapo, akaifukia bustanini, na mpaka leo akilima inatoka mizima. Safari hii anataka aone kwa macho. Tukikosa mfuko tumemkosa yeye, na mimi na Hamida tumeshaacha vibarua vyote kwa ajili yake.

Nimepata sampuli nne kwa wakala mmoja anaitwa Mudathiri, mwanamume wa maneno matamu. Namba moja ni kaki ya kawaida. Namba mbili ni mweupe, laini, anasema umetengenezwa kwa wanga wa mhogo. Namba tatu ni wa kijani na una maandishi makubwa ya kujisifu. Namba nne ni karatasi yenye ngozi nyembamba ndani. Kila mmoja nimeufunga kibati chenye namba, maana wino utafutika, kibati kitabaki. Hapa nilipopanga ni saruji na changarawe tupu, kwa hiyo naomba unifukie kwako. Pale chini ya mkorosho wa marehemu Mama panafaa sana, udongo ni mweusi na majani yanaoza vizuri. Ikifika Agosti ifukue, uniandikie umeonaje.

Na lile swali langu la kila mwaka nalirudia, ingawa najua utaliruka. Mtoto wangu mlimlaza wapi? Aprili imepita tena, ni miaka saba. Sina nia ya kuja kulia mbele za watu. Nataka kujua tu, nikija, nisimame wapi.

Mwanao,
Winfrida


Mkunya, 27 Juni 2024

Winfrida mwanangu,

Marahaba, na nyingine mpelekee fundi huko Chidya. Kuhusu kikohozi, kaa upande upepo unakotokea, siyo unakoelekea. Hilo halihitaji daktari. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mwandiko mzuri, ila unapanga sentensi kama mtu anayekimbia mvua. Nilifundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja, nina haki ya kusema.

Huku baridi imeingia. Asubuhi ukungu unakaa uwanjani mpaka saa tatu, huoni hata banda la kuku. Jirani yangu Bibi Agnes amezidiwa, bintiye amemchukua kwake Mnyambe. Nilikwenda kumwona Jumapili. Alitaka kuzungumza, nikamwambia apumzike.

Bahasha nimeipata. Huo wa kijani unang'aa kama mgombea wa udiwani. Nimeifukia yote minne, kina cha kutoka vidoleni mpaka kiwiko, ila nimeifukia nyuma ya bafu. Chini ya mkorosho hapafai. Nyuma ya bafu maji ya kuogea yanapita, udongo una unyevu hata kiangazi. Nimeweka jiwe juu.

Kuku wanataga. Bati la jikoni limetoboka, Emmanuel akija na aje na misumari.

Mimi mama yako mkubwa,
Severina


Masasi, 4 Agosti 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Gervas ametuletea habari za Bibi Agnes. Pole sana. Nimemlilia, maana siku ile ya kujifungua ndiye aliyenishika mabega, na mikono yake ilikuwa na harufu ya vitunguu. Emmanuel amerudi salama na anasema misumari ipo. Hamida anakupa pole pia.

Mteja wa Mtwara amepiga simu mara mbili. Nimemwambia mifuko iko udongoni kwa mama yangu mkubwa, mwalimu mstaafu asiyedanganya mtu. Amefurahi.

Lakini nikuulize, kwa nini chini ya mkorosho hapafai? Ndipo ulipotupa maganda ya muhogo miaka yote.

Mama Mkubwa, chumbani tulikuwa watatu siku ile. Sasa tumebaki wawili, na mmoja kati yetu alikuwa amezimia. Mliniambia mtoto ambaye hajatolewa nje hana matanga, anazikwa na wanawake wazee peke yao, na mama yake haonyeshwi mahali ili tumbo lisifunge. Nilikubali. Tumbo limefunga vilevile. Kwa hiyo huo mwiko ulikuwa unalinda nini? Nilichobaki nacho ni maneno yako tu, kwamba alivishwa sanda nyeupe na akaombewa vizuri. Nayashika hayo kila siku.

Hapa sokoni wananiita Mama Korosho. Wananitania kwa wema na mimi nacheka. Ila wenzangu wote wanaitwa kwa majina ya watoto wao, mimi naitwa kwa jina la zao la biashara.

Nijibu.

Winfrida


Mkunya, 20 Agosti 2024

Winfrida mwanangu,

Marahaba. Agnes tulimzika vizuri, watu walijaa. Nilirudi na Gervas, nikaingia ndani, nikakaa. Sasa nimebaki mwenyewe.

Mifuko nimeifukua juzi, Jumapili baada ya kanisa. Namba moja imeoza, nimeokota kibati kitupu na vumbi la kaki. Namba mbili imeanza kutoboka. Namba tatu na namba nne nimezitoa kama zilivyoingia.

Kuna kitu nataka uniambie. Nilipotoa mifuko niliipanga juu ya jiwe, nikahesabu: minne. Nikashukuru hesabu imetimia, nikaenda kunawa. Maji yakiwa mkononi ndipo nikakumbuka kwamba kibati cha namba moja kilitoka kitupu. Basi ingebaki mitatu. Nikarudi nikahesabu tena kwa kidole, kama watoto wa darasa la tatu. Minne. Mmoja wao hauna namba.

Je, ulituma mitano? Kumbuka vizuri kabla hujajibu. Ninayo barua yako inayosema minne, lakini mtu huweza kukosea.

Mitatu nimeirudisha ardhini.

Severina


Masasi, 1 Septemba 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nilituma minne, nilifunga vibati vinne kwa mkono wangu, na Hamida ni shahidi. Huo wa tano utakuwa takataka ya zamani tu. Viwanja vyote vina mifuko ya enzi zile, kabla haijapigwa marufuku. Hapa kwetu mvua ikinyesha inaibuka kama uyoga. Una rangi gani? Mpe Gervas aniletee, nimwonyeshe Mudathiri mfuko usiooza ulivyo, ajifunze kuapa.

Emmanuel ana malaria ila anakula. Mimi mzima.

Umeliruka tena swali langu. Umeandika "sasa nimebaki mwenyewe." Umebaki mwenyewe na nini?

Winfrida


Mkunya, 30 Septemba 2024

Winfrida,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Mpe fundi pole, na asiache dawa akishapata nafuu, nawajua wanaume.

Ule mfuko sitampa Gervas. Ni wa bluu wenye mistari myeupe, rambo ya kawaida, umefungwa mafundo mawili na kona moja imeungua. Mwepesi. Sikuufungua. Nilishaurudisha ulikotoka, na nilidhani yameisha.

Hayakuisha. Wiki tatu sasa sijaoga nyuma kule. Kisima changu cha mvua kimebaki matope, naoga kwa kitambaa ndani. Hakuna tone lililomwagika kule, na udongo bado umelowa. Kuku hawapachakuri. Wakifika penye jiwe wanazunguka, wote, wanapita mbali kama kuna mtu kakaa.

Tena kuna jambo jingine, na ukiliona la kijinga jua ni uzee. Wewe unajua sisikii. Kengele ya kanisa siisikii, jogoo simsikii, wewe mwenyewe kwenye simu sikusikii. Jumanne, saa nane mchana, jua kali, nachambua kunde mlangoni, nikasikia mchakacho wa mfuko wa plastiki. Wa taratibu, kama mtu anayefungua kitu kanisani hataki wenzake wamsikie. Ulitoka nyuma ya bafu. Nikainuka, ukanyamaza. Nikakaa, ukaanza.

Nilichimba. Mitatu yako ipo. Na ule upo katikati yake.

Usimwambie mtu.

Severina


Masasi, 9 Oktoba 2024

Mama Mkubwa,

Leo sina salamu ndefu. Shikamoo.

Mfuko wa bluu wenye mistari myeupe, kona moja imeungua. Nimesoma hapo, nikakaa chini kwenye maganda ya korosho.

Mimi ndiye niliyeunguza ile kona. Machi 2017, hapa Masasi, nilipokuwa najiandaa kuja kujifungulia kwako. Mfuko ulitoboka, mchele ukawa unamwagika, nikaubana kwa moto wa mshumaa kama tunavyobana mifuko ya karanga. Imebaki alama kama jino. Baadaye nikatoa mchele, nikaweka vitu vya mtoto: shali nyeupe ya sufu na kofia. Mfuko ule nilikuja nao kwako, nikautundika mlangoni. Nilipoondoka sikuuona na sikuuliza. Wakati ule sikuwa naulizia mifuko.

Unasema umeurudisha ulikotoka. Ni wapi hapo? Mtu hawezi kurudisha kitu mahali asipopajua.

Na kwa nini chini ya mkorosho hapafai?

Nimekasirika, Mama Mkubwa, na nimeogopa, sijui kipi kimetangulia. Niambie kilichomo.

Winfrida


Masasi, 17 Novemba 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Wiki tano. Gervas anasema amekuona kwa macho, mzima, lakini hukumpa barua. Anasema unaoga kwa jirani, na mlango wa uani umeugongomea mbao.

Mteja ameuliza tena. Nimemwambia asubiri. Sikumwambia kwamba na mimi nasubiri.

Niandikie hata mstari mmoja. Wewe ndiye mama niliyebaki naye.

W.


Mkunya, 28 Novemba 2024

Winfrida mwanangu,

Nimeanza barua hii mara sita. Niliwahi kuwachapa watoto kwa kusema uongo, kwa hiyo soma polepole, na ukimaliza unichukie kama utakavyoona.

Mvua ilikuwa na siku tatu. Mtoto alizaliwa alfajiri, hakumaliza saa moja. Alikuwa wa kike, hilo unalijua. Alikuwa na kidevu cha marehemu mama yako, mdogo wangu, hilo sikukuambia. Wewe ulikuwa unatoka damu, kanga zangu zote nyeupe zilikwisha kwako. Duka la sanda lilikuwa Newala mjini, na njia ilikuwa matope, hakuna gari lililopita. Tukamviringisha kwenye ile shali yako, tukamvika kofia.

Tulimchimbia chini ya mkorosho wa mama yako. Mimi nachimba, Agnes anachota maji kwa sufuria, na maji yanajaa. Nilipoinama kumshusha niliona ncha ya shali inaanza kulowa. Hapo nilishindwa, Winfrida. Nilikuwa nimemshika akiwa bado wa moto. Nikamwambia Agnes, mtoto huyu hatumwachi majini. Mfuko wako ulikuwa umetundikwa mlangoni. Nikamtia humo, nikafunga mafundo mawili ili mvua isimfikie. Agnes alianza Baba Yetu, mvua ikamkatiza katikati.

Hapakuwa na sanda. Ulipozinduka uliniuliza amevaa nini, nikasema sanda nyeupe, nawe ukatulia, ukalala. Sikuwa na ubavu wa kukuamsha nikuambie mwanao yuko kwenye mfuko wa rambo. Kesho yake nikashindwa tena. Agnes alitaka tukuambie, mpaka Mnyambe pale kitandani alikuwa anataka tukuambie, na mimi nikamwambia apumzike.

Ndiyo maana sikufukia mifuko yako chini ya mkorosho. Nilienda nyuma ya bafu ili niwe mbali naye. Mkorosho uko chini, bafu liko juu, wewe unakijua kiwanja. Maji hayapandi. Siku ile ya Agosti nililijua fundo langu mara moja. Nilishuka mpaka mkorosho: udongo haujaguswa, vizizi vimefuma juu kama mkeka. Nikavikata, nikachimba, nikaurudisha mahali pake. Septemba ukawa nyuma ya bafu. Niliurudisha tena, hilo sikukuandikia. Oktoba ukawa nyuma ya bafu. Sijui amepitaje. Nimeacha kuuliza.

Sasa uko ndani, kwenye ungo, nimeufunika kitambaa cha meza. Haufanyi mchakacho tena tangu nilipouingiza ndani. Sijaufungua na sitaufungua, ni wako.

Nimefikiria sana. Nilidhani nimemkinga mvua, kumbe nilimzuia asiende kokote. Miaka saba yuko mlangoni. Halafu wewe ukaleta mifuko inayorudi udongoni, nami nikaifukia uani kwake. Mimi nafikiri amekuja kuomba mmoja.

Nisamehe, au usinisamehe. Lakini njoo.

Severina


Masasi, 2 Desemba 2024

Mama Mkubwa,

Nimelia mpaka Hamida akazima moto. Nimekuchukia Jumamosi nzima na nusu ya Jumapili. Umenidanganya miaka saba, na mimi nimeulalia uongo wako kama godoro.

Halafu nikakuona umeinama kwenye ile mvua.

Usiufukie, usiufungue. Jumamosi hii, tarehe saba, nakuja na Gervas. Nitakuja na mfuko mpya wa namba mbili.

Winfrida


Masasi, 15 Desemba 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nimefika salama na mihogo yako imefika. Emmanuel aliniuliza tulifanya nini huko, nikamwambia ale kwanza. Kwa hiyo nakuandikia wewe uliyekuwepo, nione kama tuliona kitu kimoja.

Mafundo yako yalikataa, nikaukata mfuko pale kwenye kona niliyoiunguza. Ndani kulikuwa na shali na kofia. Shali ilikuwa kavu, nyeupe, na ilinukia duka. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kofia juu yake, vile nilivyoikunja mimi Machi ile. Ulisema ulimviringishia mtoto. Nilikutazama, nawe ulikuwa umeshika mdomo. Hatukukuta kingine. Nilipitisha mkono mpaka chini, hapakuwa na kitu kingine, na mfuko ulikuwa na joto kidogo.

Tuliviweka kwenye ule mweupe wa mhogo, tukashuka mpaka mkorosho. Nilichimba mwenyewe. Nilimwita Veridiana, jina la Mama, nawe uliisali Baba Yetu mpaka mwisho. Ndipo mvua ya kwanza ikaanza. Ulivua kanga yako begani, ukataka kufunika shimo. Nilikushika mkono. Nilisema, mwache alowe. Sijui kama ulinisikia au ulisoma midomo yangu, lakini uliiacha kanga.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Ule wa bluu nilikuja nao. Nimeutundika kwenye msumari mahali petu pa kazi, mtupu, hausemi kitu.

Sasa biashara. Siku ileile tulifukua nyuma ya bafu, umeona mwenyewe. Namba tatu nzima, ile ya kujisifu. Nimemrudishia Mudathiri na udongo wake, akasema labda udongo wa Newala ni mkaidi. Namba nne karatasi imeoza, ngozi imebaki kama ganda la kitunguu. Kaki inaoza lakini inanyonya mafuta, korosho zinalegea kwa wiki. Imebaki namba mbili, na nusu yake bado ilikuwepo. Mteja amekubali kungoja mpaka mwisho wa Februari, korosho tumezihifadhi.

Nina ombi zito. Mwisho wa Februari chimba nyuma ya bafu, uangalie kipande kile cha namba mbili. Kisha chimba chini ya mkorosho. Najua watu hawafanyi hivyo. Lakini mimi nimewahi kuambiwa sanda nikaamini, na safari hii, kama yule mama wa Mtwara, nataka kuona. Macho yako ndiyo yatakuwa yangu. Usinifiche chochote utakachokuta.

Mwanao,
Winfrida


Mkunya, 23 Februari 2025

Mama Veridiana,

Marahaba, mwanangu. Tuliona kitu kimoja. Lile joto la mfuko nililisikia pia, sikutaka kulitaja mbele yako.

Mvua mwaka huu ni nzuri, kisima kimejaa na naoga nyuma ya bafu kama zamani. Emmanuel alipokuja alipiga misumari vizuri, jikoni hapavuji. Mbao za mlango wa uani nimezitoa, nimepikia. Kuku wanachakura popote, wameniharibia mchicha. Jana mke wa jirani aliuliza habari zako, nikamwambia Mama Veridiana hajambo. Akauliza Veridiana ni nani. Nikamwambia ni mjukuu wangu, yuko hapa nyumbani. 

Masikio yamekufa kabisa. Gervas amenipigia honi mgongoni, nikaendelea kutembea. Sisikii kitu chochote, mchana wala asubuhi, na namshukuru Mungu.

Nimefanya ulivyoniagiza, leo, baada ya kanisa. Nyuma ya bafu nimeokota kibati cha namba mbili. Kitupu.

Kisha nikashuka mpaka mkorosho na jembe dogo. Nilikaa kwanza, nikamwomba radhi. Nilichimba kwa mikono ilipofika karibu. Nilichimba kina ulichochimba wewe, nikaongeza kiwiko kizima, nikapanua kila upande. Udongo ni mweusi, unapukutika, una minyoo. Mfuko haupo. Shali haipo, wala kofia, hata uzi mmoja, na sufu haiozi kwa miezi miwili, hilo najua na wewe unajua. Nimeupitisha udongo wote kwenye vidole vyangu. Ulikuwa umelowa.

Mwambie mteja wako achukue namba mbili.

Severina